Bunduki Zenye Majina

Clem Trembath alikuwa jirani yangu kwa miaka thelathini na minane, ua wake umepakana na wangu, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akifyatua hata risasi moja. Watu wakiambiwa kwamba mtu ana bunduki kumi na tisa nyumbani, wanamfikiria jitu la kutisha lenye mbwa wakali. Clem alikuwa na paka mmoja mnene aitwaye Askofu, na huyo Askofu aliwaogopa kuku wangu.

Alifanya kazi kwenye maghala ya ngano bandarini Wallaroo mpaka akastaafu. Vumbi la ngano lilimwachia kikohozi nilichokisikia kila asubuhi kabla sijachemsha chai. Mkewe, Noreen, alikufa mapema, mume wangu naye akafuata, tukabaki wawili tunaokopeshana chumvi na kugombana juu ya ua. Kwetu Penhallow, kama kwa watu wote waliotokana na wachimbaji wa shaba, tunaitana binamu hata kama damu haituunganishi. Clem aliniita binamu alipofurahi, na Valda alipokasirika. Nilisikia Valda mara nyingi.

Bunduki zake zote zilikuwa za kale, nyingi za enzi za kushindilia baruti kwa mtutu, na zote zililala ndani ya sefu ya chuma ambayo askari wa Kadina, mji wa jirani, alikuja kuikagua kila mwaka, akanywa chai, akaondoka na yai la kuku. Jambo moja Clem hakulegeza: hakununua bunduki isiyo na jina la mtu. "Bunduki bila jina ni bomba la maji," alisema. Alitaka zile zenye kibamba cha fedha kwenye kitako, au maneno yaliyochongwa juu ya mtutu: kwa fulani, kutoka kwa fulani, mwaka fulani. Kuna moja ndogo ambayo sikuisahau. Imeandikwa, "Thomas Bray, kutoka kwa mama yako. Rudi."

Akishapata jina, kazi ndiyo inaanza. Aliandika barua, akapiga simu, akazunguka makaburini na daftari la shule mkononi, mpaka awapate watu wa jina lile. Kisha aliwaalika. Mimi nilioka pasti, mikate ya kukunjwa yenye nyama na viazi na tanipu ndani, na keki ya zafarani, na Clem aliiweka bunduki juu ya blanketi mezani, akawaambia, "Haya, ishikeni. Ni ya kwenu." Nimemwona mfugaji wa kondoo kutoka Burra, mtu mkubwa kama kabati, analia machozi juu ya bastola isiyojaa kiganja chake. Thomas Bray alirudi, kwa taarifa yako. Mjukuu wake alikula pasti zangu nne.

Chama cha wakusanyaji cha wilaya kilimfanya Clem mwenyekiti kwa miaka ishirini na miwili. Chama kina desturi yake: kila baada ya miaka miwili, kwenye sikukuu yetu ya mwezi wa tano, huandaa Meza ya Majina katika ukumbi wa mji. Mwenye bunduki anailaza mezani, anasoma jina, na kama watu wa jina lile wamo ukumbini, wanasimama, wanakuja, wanaweka mkono juu ya kitako. Basi. Hakuna hotuba ndefu, na hilo peke yake ni muujiza kwa watu wetu.

Chama kina mwiko mmoja pia, nao ni kung'arisha. Fedha ikikaa miaka mia inafanya utandu mweusi, na wenyewe wanasema ule utandu ndio ushahidi. Humo ndimo yalimo mambo yote yaliyoipata. Anayeusugua anafuta. Mwizi wangeweza kumsamehe, walevi walikuwa nao watatu, lakini mng'arishaji hakai Meza ya Majina tena maisha yake yote. Mimi niliwacheka. Nimelelewa na mama aliyeng'arisha hata vipini vya milango ya chooni, nikawaambia ni wavivu waliojitafutia dini.

Sasa ile bunduki yenyewe.

Kila mtoto wa Penhallow alikua akijua kwamba mwaka 1874 maji yalivunja ukuta wa shimo la mgodi wa Wheal Annis, watu wakiwa chini. Mlinzi wa pampu, William Rosewarne, aliacha pampu yake akakimbia. Josiah Trembath, babu wa baba yake Clem, akajifunga kamba, akashuka mara tatu, akatoa watu saba. Wachimbaji wakampa zawadi ya bunduki ya mitutu miwili yenye bamba la fedha. Gazeti la wiki ile halipo. Wengine wanasema panya, wengine wanasema moto. Bunduki yenyewe iliuzwa na mtoto wa Josiah mwaka wa ukame kwa mchuuzi aliyepita na punda, na haikuonekana tena.

Hadithi hiyo ilitupa mambo mawili. Watrembath walipewa heshima, wakakaa kiti cha mbele kanisani. Warosewarne walipewa msemo. Kwetu mtu akiacha kazi katikati tunasema amefanya Rosewarne. Mtoto asiyemaliza chakula, fundi aliyeacha bomba likichuruzika, mchezaji aliyetoka uwanjani kabla ya filimbi, wote Rosewarne. Nimeusema mwenyewe mara zisizohesabika, na Dot Rosewarne, dereva wa basi la shule, alicheka pamoja nasi. Angefanya nini?

Clem aliitafuta bunduki ya Josiah tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Zile kumi na tisa zingine alizipata njiani, kama mtu aendaye kutafuta ng'ombe wake akarudi na mbuzi wa watu. Halafu, miaka sita iliyopita, ikaja barua kutoka Broken Hill. Mjane mmoja, Bi Joyce Maddern, alikuwa anasafisha banda la marehemu mumewe, akakuta bunduki imeviringishwa kwenye pazia.

Tulienda pamoja kwa pikapu yake, mwendo wa saa tano, bila redio, maana Clem alidai redio inamkatiza mawazo. Bi Maddern akafunua pazia. Clem akasoma kwa sauti: "Kwa Josiah Trembath, aliyeshuka mara tatu. Wachimbaji wa Wheal Annis, 1874." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia.

"Clem, bwana wee," nikamwambia, "unalowesha mbao za watu."

"Mwache," alisema Bi Maddern. "Marehemu wangu alilia kwa ajili ya mpira tu."

Mji ulipandwa na wazimu. Halmashauri ikaamua bustani ndogo iliyo mbele ya maktaba iitwe Bustani ya Josiah Trembath, na kibao kikachorwa. Sikukuu ilikuwa inakaribia. Clem alitembea kama mtu aliyenyooshwa mgongo na mganga, akanisalimia asubuhi kabla ya kukohoa. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, na nilikuwa nimeshafika umri wa kujua kwamba furaha yake ilikuwa yangu. Nilimpenda. Nimeshasema, tuendelee.

Wiki tatu kabla ya sikukuu alikuja mlango wa nyuma bila kofia. Clem hakuwahi kutoka nje bila kofia.

"Valda, njoo."

"Nimefanya nini tena?"

"Njoo tu, binamu."

Bunduki ilikuwa juu ya blanketi mezani jikoni kwake. Alishika kidole gumba changu akakipitisha juu ya bamba.

"Unasikia nini?"

"Fedha."

"Tena. Polepole, huchambui mchele."

Nikapitisha tena. Katikati, pale penye jina, palikuwa na kibonde. Kidogo sana, lakini kidole kilizama kikapanda.

"Panabonyea," nikasema. "Jina limeguswa sana, hivyo tu. Watu wanapenda kugusa jina."

"Watu wanagusa bamba zima. Hapa pamekwanguliwa, pakalainishwa, pakaandikwa upya. Nimeliona hili kwenye bunduki za watu thelathini na kitu, Valda. Nimewaambia usoni. Hii yangu nilikuwa naililia tu, sikuishika."

Akainama akalipumulia bamba, kama mtu anayefuta miwani. Ukungu wa pumzi ukatanda, na ndani ya ule weusi, chini ya Josiah Trembath, zikaja herufi nyingine, nyembamba, zimelala upande kidogo. W kubwa. R. Halafu nyingine zikafuata, na nikazisoma zote kabla ukungu haujaondoka, William likiwa limefupishwa. Wm. Rosewarne.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Nikasoma tena. Mara ya tatu nilipumua mwenyewe, na jina likaja kwa pumzi yangu.

Askofu akapanda mezani, na hakuna aliyemfukuza.

"Aliacha pampu kweli," Clem akasema mwishowe. "Hapo hawakudanganya. Aliiacha akashuka. Na Josiah, labda alikuwa mmoja wa wale saba. Labda William alimwachia bunduki alipohama. Sijui. Ninachojua ni kwamba ilikuwa nyumbani kwetu jina lilipokwanguliwa."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Nimejaribu kupiga picha, inatoka mng'ao mtupu. Kuna bwana wa makumbusho Adelaide mwenye taa na lenzi zake. Anaweza kuja Jumatatu baada ya sikukuu."

"Basi subiri huyo bwana."

"Jumamosi wanaweka kibao, Valda. Nisimame pale, nipigiwe makofi, halafu Jumatatu niseme samahani? Nitasema mezani."

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia William Rosewarne amekufa miaka mia na zaidi, hana haja ya bunduki wala bustani. Nilimwambia baba yake na babu yake wamelala kaburini na jina zuri, anataka kuwafukua? Nilimwambia watu wa Penhallow hawatamshukuru, watamchukia, maana amewanyang'anya mtu wao.

"William amekufa," akasema. "Dot hajafa. Jana nimemsikia mtoto wa shule akimwambia afunge mlango wa basi vizuri asifanye Rosewarne. Akacheka. Umewahi kumtazama Dot akicheka?"

Sikuwa nimewahi. Na bado nilisema, "Kucheka si kufa."

"Nenda nyumbani, Valda."

Wiki zile tatu alipungua mwili. Pasti nilizompelekea alimpa Askofu. Taa ya jikoni kwake iliwaka usiku na mchana, na nilimwona dirishani kaiinamia ile bunduki, anapumua, anatazama, anapumua. Nikajisemea, mtu huyu atakufa kwa ajili ya herufi kumi na moja.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulikuwa wangu tangu saa mbili asubuhi, mimi na birika zangu na vikombe. Clem alileta bunduki, akazilaza mezani moja moja, ya Josiah katikati, kisha akasema anakwenda nyumbani kuvaa suti.

"Kanuni inataka zisiachwe bila mlinzi," akasema. "Wewe ndiye mlinzi."

"Nitampiga mtu na kijiko."

Akatabasamu kidogo, akaniachia ufunguo. Nikafunga mlango kwa ndani. Chini ya sinki la ukumbi kuna kopo la braso, dawa ya kung'arishia vyuma, na vitambaa, nalijua kopo lile miaka yote. Sitaki mtu aniambie kwamba nilichanganyikiwa. Nilijua ninachofanya. Nilikaa kwenye kiti cha mwenyekiti, nikaweka kitako cha bunduki mapajani, nikasugua. Nilisugua kwa braso, nikafuta, nikasugua kwa dawa ya meno niliyokuwa nayo mkobani, nikafuta, nikarudia tena. Weusi ukatoka kwenye kitambaa, wa miaka mia na arobaini na kitu. Nikapumua juu ya bamba. Josiah Trembath, peke yake, anang'aa. Nikapumua tena kuhakikisha. Hakuna mtu mwingine.

Nilifikiri nimemwokoa. Sasa hata akisema, hana cha kuonyesha; na mtu asiye na cha kuonyesha atanyamaza. Ndivyo nilivyomfahamu mtu niliyemfahamu miaka yote hiyo.

Clem alirudi na suti yake ya mazishi, nikamfungulia. Aliliona bamba akiwa bado mlangoni. Alitembea mpaka mezani, akainama, akapumua, akangoja, akapumua. Kisha akatazama vidole vyangu, ambavyo vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha.

"Sasa hakuna kitu, Clem," nikasema. "Yamekwisha. Soma jina lililopo, ukae, unywe chai."

Nilitegemea ghadhabu. Niliizoea ghadhabu yake, ningejibizana nayo. Lakini alinitazama kama anayesoma jina lililochakaa, akasema taratibu, "Kanawe mikono, binamu. Watu wanakuja."

Nilinawa. Watu wakaja, mia moja na zaidi, ukumbi ukajaa harufu ya makoti na keki. Dot Rosewarne alikuwa nyuma karibu na mlango, na koti la kazi, maana basi lake lilikuwa limeleta bendi ya watoto. Bunduki zikasomwa. Familia zikasimama, zikaja, zikaweka mikono. Mwisho ikabaki ile ya katikati, na mwenyekiti wa halmashauri akasogea mbele na kibao chake chini ya kitambaa.

Clem akasimama. "Bamba hili linasema Josiah Trembath," akasema. "Chini ya jina hilo lilikuwepo jingine. Limekwanguliwa, na limekwanguliwa mikononi mwa watu wangu. Lilikuwa William Rosewarne. Yeye ndiye aliyeshuka mara tatu. Aliacha pampu akashuka."

Ilikuwa kama umemwaga ndoo ya maji kanisani. Watu walishtuka, kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja. Garth Uren, katibu wa chama, mwenye mdomo wa tarumbeta tangu shule ya msingi, alikuwa ameshafika mezani na miwani yake ya fundi saa. Akainama, akalitazama bamba.

"Hili limesuguliwa!" akapiga kelele. "Limesuguliwa leo! Linanuka braso! Clem, jina unalolisema liko wapi? Ushahidi uko wapi?"

Nilikuwa nimesimama na birika mkononi.

"Ushahidi ulikuwepo asubuhi," Clem akasema. "Nimeufuta mwenyewe. Niliogopa, Garth. Nilitaka babu abaki babu. Nikasugua mpaka jina likaisha, halafu nikaona siwezi."

Mnielewe: wale watu wa chama, hata umtishie mmoja wao kwa jela, hatakiri kung'arisha. Na huyu ni Clem, aliyewafukuza wenzake mezani kwa kosa hilohilo. Hakuna aliyeweza kufikiria sababu ya mtu kujitwisha uchafu kama ule kama jina halikuwepo. Nikawaona wanaamini, uso mmoja baada ya mwingine. Waliamini ukweli kwa sababu ya uongo wake.

Dot akaja kutoka nyuma. Hakulia, hakuharakisha. Alipita katikati ya viti, akaweka mkono juu ya kitako, akauacha pale muda mrefu kuliko desturi. Mwenyekiti wa halmashauri alirudi nyuma taratibu na kibao chake kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake.

Siku hiyohiyo chama kikamwondoa Clem. Garth mwenyewe alisoma uamuzi, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo.

Jioni ile nilimfuata jikoni kwake nikamwambia Jumatatu nitawaambia wote kwamba ni mimi.

"Hutasema," akasema. "Ukisema, watajua nilidanganya. Nikishadanganya moja, watauliza la pili. Dot atabaki na nini? Amepata jina lake leo, mwache nalo."

"Na wewe?"

"Mimi nina bunduki kumi na tisa na jirani mjinga."

"Clem, nilifanya kwa ajili yako."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana inauma." Kisha akaniambia nikate keki iliyobaki.

Bwana wa Adelaide alikuja Jumatatu na taa zake. Alisema kweli pamekwanguliwa, ila nini kilikwanguliwa hakuna ajuaye sasa. Bunduki Clem alimpa Dot. Bustani haikupata jina la mtu yeyote. Msemo ulianza kufa, watoto kwanza. Lakini pale baa, mtu akishakunywa, ungesikia kwamba mzee Clem alianza kuchanganyikiwa kipindi kile, kwamba aliona ndoto, kwamba neno la mzee mmoja halifanyi historia. Nami nilisikia, nikalipia soda yangu, nikaenda nyumbani. Niliamini kunyamaza kwangu ndiko kunakolilinda jina la William. Clem alisema hivyo, na kwa bunduki alikuwa hakosei.

Miaka sita hakurudi Meza ya Majina. Familia ziliendelea kuja nyumbani kwake, niliendelea kuoka, naye aliendelea kusema, "Ishikeni, ni ya kwenu." Siku za sikukuu tulikaa nyuma ya nyumba tukamenya njegere, tukasikia bendi kwa mbali, na hakuna aliyetaja kitu.

Alikufa mwezi wa saba mwaka huu, kikohozi kilipogeuka kuwa homa ya mapafu. Chama kina desturi ya kumlazia mwanachama bunduki moja juu ya jeneza mpaka kanisani. Juu ya jeneza la Clem hapakuwa na kitu. Garth Uren alisema maneno mazuri, kwa kweli alisema vizuri, kisha akaongeza, "Alikosea mara moja tu." Nilikuwa kiti cha tatu.

Kesho yake nilikwenda kwa Dot. Alikuwa anaosha basi. Nikamwambia yote pale pale, yeye na mpira wa maji mkononi, mimi na mkoba kifuani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Braso, dawa ya meno, kitambaa, uongo wa Clem. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemfutia jina la babu yake, na kwamba sasa akitaka anaweza kusema Clem alidanganya, na kila kitu kitaanguka, na ni kosa langu, na nimeshindwa kulibeba.

Alifunga maji. Alikaa kwenye ngazi ya basi.

"Subiri," akasema. "Kabla hujalifuta. Uliliona?"

"Mara tatu. Mara ya mwisho kwa pumzi yangu mwenyewe."

"Lilivyoandikwa. Niambie."

"W kubwa, m ndogo juu yake na kinukta. R. Herufi zimelala upande. Wm. Rosewarne."

Akanitazama, na uso wake haukuwa ule wa kucheka. "Miaka sita," akasema. "Miaka sita watu wananiambia neno la mzee mmoja. Na wewe unanipita na pasti zako. Mlikuwa wawili, Valda. Mlikuwa wawili wakati wote."

Mungu ni shahidi wangu, sikuwa nimeliona hivyo. Clem naye hakuliona. Sote wawili tulikuwa tumeshughulika, kila mmoja kumkinga mwenzake.

Nikamwambia anisamehe. Hakusema amenisamehe. Aliingia kwenye basi, akatoka na daftari la shule ambalo mtoto fulani alilisahau kitini, akachana kurasa zilizoandikwa, akanipa zilizobaki na kalamu.

"Andika," akasema. "Yote, na braso yako pia. Halafu uweke jina lako chini, kamili. Neno la Clem halikuandikwa."

Nimeandika. Bunduki ya mitutu miwili ya Wheal Annis ilikuwa na jina la William Rosewarne, nililiona kwa macho yangu mara tatu, na aliyelifuta ni mimi, Valda Grace Pengilly, wa Penhallow.